Nyumba Isiyo na Choo

Dada yangu hakunionyesha kwanza pa kulala. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka uwanja wa ndege, baridi ya Novemba imeniuma masikio, sanduku bado liko mkononi, naye akanivuta moja kwa moja mpaka chumba cha kufulia nguo. Juu ya mashine, chini ya shuka kuukuu, palikuwa na kitu chenye pembe. Akaliondoa shuka taratibu, kama anayemfunua bibi harusi.

"Kaka, fundi ni wewe. Sema inafaa au haifai."

Haikufaa. Ilikuwa nyumba ya mwanasesere ya plaiwudi, orofa mbili na dari, ubao wake wa mbele ukining'inia kwa bawaba moja; ya pili ilikwisha kung'oka. Paa la kadibodi lilikuwa limekunywa maji likafura kama andazi. Kutani karatasi za maua zilibandikwa moja juu ya nyingine, na ngazi ilipakwa rangi nyekundu ya kucha, kazi ya mtoto fulani ambaye hivi leo huenda ni bibi wa watu. Dada aliinunua kwa yuro 15 kwenye duka la vitu vilivyotumika, la aina ambayo Waholanzi huiita kringloop, kwa nia ya kumpa binti yake siku ya kuzaliwa. Siku yenyewe ilikuwa baada ya wiki tatu. Mimi nilikuwa nimekuja Den Haag kupumzika.

Mzigo huo sikutwishwa bure. Kwetu Lamu riziki yangu ni majahazi madogo, yale ya urefu wa mkono ambayo wageni huyanunua yakaenda kukaa juu ya makabati yao. Baba alikuwa mchonga milango. Najua kukipunguza chombo cha mita 15 kikawa cha dhiraa moja, omo na tezi zikabaki na sura yake. Lakini nyumba si jahazi. Jahazi ukilitazama kwa nje umekwisha kulitazama. Nyumba mtu atachungulia ndani, na akichungulia ataona kila mahali fundi alipochoka.

Baba, Mungu amrehemu, hakugusa mlango mkongwe wa mtu kabla ya kukaa mbele yake kutwa nzima na buli la kahawa. Ukimwuliza anafanya nini, alijibu kwamba anamsikiliza fundi wa kwanza. Wenye milango walikuwa wakimlipa kwa siku, kwa hiyo mazungumzo hayo hawakuyapenda sana. Nami nikamwambia dada kwamba sianzi mpaka nione za watu.

Akacheka. "Basi umefika kwenyewe."

Alisema kweli. Katika karne ya 17 na ya 18, wake wa matajiri wa Amsterdam walikuwa na nyumba za wanasesere zilizojengwa ndani ya makabati makubwa. Hazikuwa za watoto. Zilikaa chumba cha wageni, mwenyewe akafungua milango ya kabati, wageni wakainama na kushangaa, milango ikafungwa. Zilizosalia ni chache, na jambo la kuchekesha ni kwamba tatu kati ya zile mashuhuri zilikuwa za wanawake wenye jina moja: Petronella Dunois, Petronella de la Court na Petronella Oortman. Utadhani jina hilo lilitolewa pamoja na ufunguo wa kabati. Ya de la Court iko Utrecht na sikujaaliwa kuiona. Ila iliyonifunza kazi haikuwa ya Petronella yeyote.

Iko hapo hapo Den Haag, kituo cha tramu si mbali na nyumbani kwa dada, ndani ya Kunstmuseum, jumba la matofali ya manjano lililobuniwa na Berlage na kufunguliwa mwaka 1935. Watu huenda pale kwa ajili ya mchoraji Mondriaan. Niliipita picha yake ya Victory Boogie Woogie kama mtu anayepita duka lililofungwa, wapenda sanaa wanisamehe, nikaenda kusimama mbele ya kabati la Sara Rothé.

Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1699, akaolewa na mfanyabiashara wa Amsterdam. Mwaka 1743 alikwenda kwenye mnada akanunua nyumba tatu kuukuu za wanasesere zilizokuwa za Cornelia van der Gon, mke wa mchoraji David van der Plas. Tatu kwa mpigo. Akaagiza makabati mapya, akazifumua zile tatu, akachukua alichokipenda huku na huku, akatoa nyumba mbili. Vilivyochakaa alivikarabati, vilivyopungua aliviagiza kwa mafundi, na sindano aliishika mwenyewe. Tena akaweka madaftari ya maelezo: nini kimetoka wapi, nini kimetengenezwa, nini kimegharimu kiasi gani. Madaftari hayo yapo mpaka leo.

Chumba cha maonyesho kilikuwa na mwanga hafifu, kwa kuwa hariri ya karne tatu haistahimili jua. Nikakaa pale nusu siku, kahawa hairuhusiwi. Nilichokuwa nikikitazama si uzuri, ingawa ulikuwapo. Nilikuwa natafuta maungio. Nilitaka kuona pale ambapo kitu cha Cornelia kinakutana na kitu cha Sara, na sikupaona. Ukimweka mwanamke huyu leo katika jumba lile lile, akaomba ruhusa ya kuzifumua nyumba tatu za kale ili atengeneze mbili, walinzi watamtoa nje kabla hajamaliza sentensi. Wahifadhi wa siku hizi wanaacha hata ufa ulipo. Na huku wamemwekea kioo na taa mwanamke aliyefanya kinyume kabisa cha kazi yao. Nilirudi kwenye tramu nikiwa nimepata ruhusa niliyokuwa naihitaji.

Usiku ule nikaanza kubandua karatasi. Kazi hii haina haraka: unaelekeza mvuke wa birika la chai, unasubiri gundi ilegee, unapitisha kisu bapa chini yake kama anayeparua magamba ya samaki. Maua yakatoka, chini yake pakawa na manjano tupu, chini ya manjano pakawa na mistari mipana ambayo kwa hakika ilikatwa kutoka ukuta wa chumba cha watu wazima, maana mstari mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mlango. Chini kabisa, kwenye mbao zenyewe, palikuwa na namba za penseli, 1 mpaka 9, na mishale ya kuonyesha ubao upi unaingia wapi. Mwandiko wa mtu mwenye mkono mzito. Huyo ndiye fundi wa kwanza. Sikumfuta; nilikata kipande cha kila karatasi, upana wa stempu, nikavibandika kwenye dari pembeni ya namba zake.

Rangi ya nje ilinitia wasiwasi zaidi. Rangi za zamani mara nyingi zilichanganywa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa mtoto. Sikupiga msasa mkavu. Nililowesha kila mahali, nikavaa barakoa, nikatandika magazeti, na mpwa wangu akapigwa marufuku kuingia chumba cha kufulia. Yeye alikuwa na miaka 6 na anaelekea wa 7. Alisimama mlangoni akaniamkia, "Shikamoo mjomba," kwa lafudhi ya mtu anayesoma maneno ukutani, kisha akauliza kwa nini naiosha nyumba yake. Siri ya zawadi iliishia hapo.

Vipimo navyo vina kisa chake. Nyumba za kisasa za aina hii hujengwa kwa uwiano wa moja kwa 12. Mlango wa mita 2.1 unakuwa sentimita 17 na nusu. Mtu wa sentimita 170 anasimama kama sentimita 14. Nilijaza bahasha nzima kwa hesabu hizi, nikikosea na kufuta, mpaka nikamkumbuka babu ambaye hakuwa na rula. Dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ni wanda 24, yaani upana wa vidole 24. Igawe kwa 12. Zinabaki wanda mbili. Tangu hapo sikufungua tena bahasha: chochote ambacho kwetu kina dhiraa moja, kimo cha kiti, upana wa rafu, marefu ya mto, katika nyumba hii ni vidole viwili. Nilipima kwa mkono wangu wa kushoto na kukata kwa wa kulia.

Haarlem nilikwenda kwa treni, Jumamosi, mashamba ya maua yakiwa matupu na meusi pande zote. Kabati la pili la Sara Rothé liko Frans Hals Museum, ndani ya majengo yaliyokuwa makazi ya wazee wa kiume mwaka 1609. Kule nilikwenda na swali moja tu, nalo ni kitambaa.

Anayeshughulika na vitu vidogo anaujua udhia huu. Ubao utaupunguza utakavyo. Rangi utaizimua, maana ukiipaka nene inameza kingo zote na nyumba inafanana na keki. Lakini kitambaa hakikubali kupungua. Nyuzi zake ni zile zile, uzito wake ni ule ule, na ukikikata kidogo kinakosa uzito wa kukivuta chini. Mapazia yangu ya kwanza, niliyoyakata kwenye foronya, yalisimama mbele ya dirisha kama tanga lililojaa kaskazi. Mbele ya vitanda vya Haarlem nilikodoa macho mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Hariri yao ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na mikunjo haikuachwa ijitengeneze. Mtu aliipanga mmoja mmoja. Niliporudi nikamwomba dada mtandio wake wa zamani. Nikachanganya gundi na maji, kijiko kimoja kwa vinne, nikachovya, nikaulaza juu ya sifongo na kuupiga pini kila ukunjo, nikauacha usiku kucha. Asubuhi pazia likaanguka kama pazia. Dada aliuliza mtandio wake umebaki kiasi gani. Nikamwambia unatosha leso.

Amsterdam tulikwenda watatu, pamoja na mpwa wangu, kwenye jumba la Rijksmuseum. Jumba lenyewe lilifungwa miaka 10 kwa ukarabati, tangu 2003 hadi 2013, jambo lililonifariji kwa wiki zangu tatu. Nyumba ya Petronella Oortman ni kabati refu kupita mita 2 na nusu, na kuna vipandio vya kumwezesha mtu kuona vyumba vya juu. Aliolewa na mfanyabiashara wa hariri, Johannes Brandt, mwaka 1686, na kati ya mwaka huo na 1710 hakuacha kuipamba. Inakadiriwa alitumia gilda 20,000 hadi 30,000, pesa ambazo wakati ule zilinunua nyumba ya kweli kando ya mfereji. Ukutani mwa ukumbi mchoraji Nicolaes Piemont alichora mandhari. Vikapu vilisukwa na wasukaji, marumaru ni marumaru. Juu kuna chumba cha kuanikia nguo zenye ukubwa wa kiganja.

Sikuipenda kama nilivyoipenda ya Sara. Hii inasema bei yake kwa sauti kubwa mno. Lakini mambo mawili yalinikamata miguu.

La kwanza ni kabati lenyewe. Limefunikwa gamba la ng'amba, madoa ya kahawia na asali, na kutiwa nakshi za madini meupe. Mtu wa pwani hapiti mbele ya gamba la ng'amba bila kusimama. Mabaharia wa Kiyunani waliandika katika karne ya 1 kwamba bidhaa hiyo ilichukuliwa kwenye pwani yetu, na iliendelea kuchukuliwa mpaka biashara yake ikapigwa marufuku duniani. La kabati hili sijui lilivuliwa bahari gani. Nilitazama madoa yale nikamkumbuka ng'amba hai niliyewahi kumwona akipumua karibu na mashua, kichwa kama cha mzee aliyeitwa na mtu asiyemtaka.

La pili ni sahani. Jikoni, ndani ya kabati la vioo, zimepangwa sahani na mabakuli madogo ya kaure yaliyotengenezwa China na kusafirishwa nusu ya dunia ili yapangwe pale na kisiliwe chochote ndani yake. Nami nimezaliwa katika nyumba yenye zidaka. Ndani kabisa, katika chumba cha mwisho ambacho mgeni haingii ovyo, ukuta mzima wa chokaa umejaa vishubaka, kimoja juu ya kingine, na mama wa nyumba za Lamu walipanga humo kaure ya China hiyo hiyo. Nao hawakuilia kitu. Petronella Oortman angeingia kwa nyanya yangu angejua mara moja anachotazama, na nadhani angeuliza bei.

Karibu na kabati kuna picha iliyochorwa na Jacob Appel mwaka 1710, ikiionyesha nyumba ile ile ikiwa na watu: wanasesere wa nta katika kila chumba, wamevaa, wana kazi. Hivi leo vyumba vimebaki vitupu. Watu wa nta wamepotea, kasoro mtoto mchanga mmoja.

Mpwa wangu alipanda vipandio, akatazama chumba kwa chumba kwa makini ya mtu anayetaka kupanga.

"Mjomba, nani anachezea?"

"Hakuna anayechezea."

"Hata usiku?"

Kwenye treni ya kurudi alinyamaza mpaka Leiden. Kisha akasema yake haina choo. Nikamwambia tutaona. Akasema watu watakaokaa humo watafanyaje, na abiria wa mbele yetu, ambaye hakujua Kiswahili lakini alilielewa neno hilo kwa jinsi dada alivyoziba uso, akacheka.

Zilibaki siku tisa. Nilitaka kuirudisha nyumba ilivyokuwa, ya Kiholanzi, na dohani yake na vigae vyake vya bluu. Nikapima chumba cha chini: upana sentimita 24. Nikakaa juu ya ndoo. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Atakayetaka chumba kikubwa anakirefusha, hakipanui. Mita 3 ukiigawa kwa 12 ni sentimita 25. Fundi mwenye mkono mzito, aliyeandika 1 mpaka 9, alikuwa amenijengea chumba cha boriti bila ya kujua.

Nikanunua vijiti vya mishikaki, nikavipaka vyeusi na vyekundu kama boriti za kwetu, nikavipanga darini. Nikang'oa dohani. Ukuta wa nyuma nikaupandisha zidaka kwa kadibodi, tabaka juu ya tabaka, vishubaka 15, kisha nikaupaka lipu nyeupe ya kuzibia nyufa na kuisugua kwa msasa laini namba 400 mpaka ikang'aa kama chokaa iliyopigwa sabuni. Sahani ni vifungo vya shati la shemeji: nikaziba matundu, nikachora maua ya bluu kwa unywele mmoja wa brashi. Shemeji alivaa sweta wiki nzima bila kulalamika. Sakafu ya juu, ambayo niliiacha Kiholanzi, ni vijiti vya kukorogea kahawa, vimekatwa vipande, vimepangwa mshazari, vimepakwa chai nzito na kutiwa nta. Hiyo ilinila siku nne na mgongo. Ngazi yenye rangi ya kucha sikuigusa. Taa niliziweka kwa kushinikizwa, vibalbu viwili vya betri, na kuhusu nyaya zake sitasema neno.

Choo nilikiacha mpaka mwisho kwa sababu nilijua kitakavyokuwa. Katika nyumba zetu choo kiko humo humo ndani, pembeni mwa vyumba vya kulala, na kando yake kuna birika la maji lililojengwa ukutani. Nilikata kona ya orofa ya juu, nikajenga birika la lipu, vidole viwili kwa vitatu, nikalipaka vanishi mara tatu. Mpwa wangu alikaa magotini akitazama. Nikamweleza kwamba ndani ya birika nyanya yake mkubwa alifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na kwamba nilipokuwa na umri wake niliwapa majina.

"Hapa hakuna mbu," alisema.

"Kweli, hakuna."

Akafikiri. Alitaka kujua kama samaki walikula chakula kingine.

Siku ya kuzaliwa walikuja watoto wanane. Sikuweza kutazama, nikaenda kuzunguka barabarani kwenye mvua. Niliporudi bawaba mpya ilikuwa imepinda, sahani nne hazionekani, na sebuleni chini ya zidaka alikaa dinosaria wa plastiki ambaye kichwa chake kilikuwa juu ya boriti, kwa hiyo boriti mbili zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa vizuri kando, moja sambamba na nyingine.

Niliondoka alfajiri ya keshokutwa yake. Kabla ya teksi kufika niliingia chumbani mwa mpwa wangu kwa vidole, kumuaga bila kumwamsha, nikainama kwenye nyumba na kuwasha kibalbu cha juu. Birika lilikuwa limejaa maji ya kweli mpaka ukingoni, na ndani yake kilielea kipande cha karoti kilichokatwa mkia. Tone moja lilikuwa limekwisha kushuka ukutani na kuingia kwenye sakafu yangu ya mshazari. Nikatoa leso.

"Usimwage, mjomba," alisema kutoka chini ya blanketi. "Amelala."